Mpwa wangu alimpeleka punda joshoni pamoja na ng'ombe, siku ya nne akafa

SWALI

Shikamoo Daktari,

Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi nje kidogo ya mji wa Nzega. Nina punda watatu, au tuseme nilikuwa nao watatu. Nilianza nao kwa biashara ya maji, madumu manne kila punda, alfajiri mpaka saa nne asubuhi. Tangu maji ya Ziwa Victoria yafike mjini wateja wa madumu wamepungua, kwa hiyo siku hizi tunabeba matofali, kuni na mahindi ya siku za mnada. Ada za shule za watoto zinatoka kwa punda hao.

Mvua zilipoanza, kupe waliwajaa kupita kiasi. Aliyezidiwa zaidi ni dume letu kubwa, Jembe. Chini ya mkia walikuwa wamebanana kama punje za mtama, na masikioni kulikuwa na vidogo vidogo mpaka akawa anatikisa kichwa kutwa. Mtoto wa dada yangu, ambaye tunaishi naye na ana miaka kumi na tisa, alimwonea huruma. Jumamosi moja jirani alipokuwa anapeleka ng'ombe wake joshoni, kijana akamwunganisha Jembe na kundi bila kutuambia. Nimemuuliza baadaye dawa ilikuwa ipi, akasema mwangalizi wa josho aliwatajia amitrazi.

Jioni ile Jembe alirudi amepooza. Alisimama pembeni ameinamisha kichwa, mdomo wa chini unaning'inia kama mtu aliyelewa. Tukadhani ni uchovu. Jumapili hakula, na hakukuwa na mavi pale alipolala. Jumatatu tumbo lilijaa likawa gumu kama ngoma, akawa anajibwaga chini na kujiviringisha, anageuka kutazama ubavu wake. Jirani akaja na chupa ya soda yenye mafuta ya kula, wakamnywesha kwa nguvu huku wamemwinua kichwa. Alikohoa sana. Jumanne usiku akafa.

Sasa kila mtu ana lake. Wengine wanasema ni homa ya kupe ilikuwa imeshaingia damuni. Shemeji yangu anasema tuliobaki nao tuwapake oili chafu ya gari. Mwenye duka la dawa anataka kuniuzia sindano ya mkojo mwekundu niwachome wote wawili kama kinga. Na mume wangu anamdai kijana bei ya punda mzima, amemwambia asikanyage nyumbani mpaka ailete. Kijana analala kwa rafiki yake wiki ya pili sasa.

Waliobaki ni Bahati, dume, na Shida, jike ambaye ana mimba kubwa. Wote wana kupe. Nifanye nini, Daktari? Na nani alimuua Jembe?

Mama Kulwa, Nzega

JIBU

Marahaba, Mama Kulwa. Poleni sana kwa Jembe. Punda wa kazi akifa nyumba nzima inajua, na pengo lake linaonekana asubuhi ya kwanza tu.

Nianze na swali lako la mwisho. Sikumwona Jembe wala hakuna aliyempasua kumwangalia ndani, kwa hiyo ninachokupa ni maoni yangu kutokana na ulichoandika. Lakini umeandika vizuri, siku kwa siku, na kwa jinsi ulivyoeleza, mimi siwashuku kupe. Naishuku dawa.

Amitrazi ni dawa nzuri kwa ng'ombe. Inawabandua kupe haraka na imetumika katika majosho mengi. Kwa farasi na punda ni habari nyingine kabisa. Ikiingia mwilini mwao inawatia usingizi, inawalegeza, halafu inausimamisha utumbo. Ng'ombe anacheua na kubeua gesi, ana namna ya kujinusuru. Punda hacheui, hawezi hata kutapika, na majani yake anayasaga nyuma kabisa, kwenye utumbo mpana ambao ni mkubwa ajabu na wenye kona nyingi. Ukisimama huo, chakula kinaganda ndani, gesi inajaa, na ndiyo hiyo ngoma uliyoiona Jumatatu. Josho la kutumbukia linazidisha balaa kwa sababu mnyama anazama mpaka kichwa, na akiibuka ameshameza mafunda.

Mdomo kuning'inia Jumamosi jioni, mavi kukatika Jumapili, tumbo na kujiviringisha Jumatatu. Homa ya kupe haiendi hivyo. Huo ugonjwa, ambao kwa farasi na punda unaletwa na vijidudu viwili vya damu viitwavyo Theileria equi na Babesia caballi, huchukua wiki mbili, tatu, wakati mwingine mwezi tangu kupe aume mpaka mnyama aonyeshe dalili. Na ukija unakuja na joto kali, ufizi uliopauka au kugeuka manjano, mkojo mweusi mweusi au mwekundu, miguu kuvimba, mnyama anakonda na kukosa nguvu. Tumbo linaweza kuuma pia, sikatai. Ila hukutaja joto, hukutaja manjano, wala hukutaja mkojo. Ulichotaja ni punda aliyerudi kutoka joshoni kama mlevi.

Kuhusu mafuta ya chupa nitasema kwa upole, maana jirani alikuja kusaidia. Kile kikohozi ni mafuta yaliyokwenda njia ya pumzi. Daktari humpa punda mafuta kwa mpira unaopitishwa puani mpaka tumboni, tena akiwa amehakikisha haujaingia kwenye mapafu. Chupa na kichwa kilichoinuliwa ni hatari hata kwa punda mzima wa afya. Ikitokea tena mtu akampeleka punda kwenye josho la namna hiyo, mwoshe mara moja kwa maji mengi na sabuni, umweke kivulini, umwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo kabla tumbo halijajaa. Umtajie dawa kwa jina. Zipo dawa za kupinga nguvu ya amitrazi, lakini lazima aliye nazo awahi kufika.

Sasa huyo kijana. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliruhusu punda wawili wapite joshoni nyuma ya ng'ombe wa mzee mmoja. Nilikuwa na cheti mfukoni. Mmoja alipona, mwingine nilimzika mimi mwenyewe kwa jembe la kuazima, na yule mzee hakunidai hata senti, jambo ambalo bado linanisumbua. Kwa hiyo Baba Kulwa asome hapa: kijana aliona mnyama anateseka, akampeleka mahali ambapo mnasikia kila siku kwamba ndipo kupe wanapokwenda kufia. Mwangalizi wa josho alimwona punda akiingia na hakusema kitu. Kosa lake ni moja, kutowaambia nyinyi, na kosa hilo halina thamani ya punda mzima. Mrudisheni nyumbani. Tena nina kazi yake, naifikia sasa hivi.

Kupe uliowaeleza chini ya mkia, natamani ungeniambia rangi ya miguu yao, lakini nadhani naijua. Yuko kupe mwenye mgongo wa kahawia iliyoiva na miguu ya rangi ya chungwa iliyokolea, karibu nyekundu. Huyo anawapenda punda, farasi na pundamilia kuliko wanyama wengine, ingawa hata ng'ombe, mbuzi na kondoo anawapanda. Ana tabia ya ajabu. Akiwa mchanga anaingia ndani ya sikio, chini kabisa, na anabaki humo humo mpaka ajivue gamba la kwanza. Akishiba anadondoka, anakomalia ardhini, halafu anarudi akiwa mkubwa kwa mnyama yeyote atakayepita, na safari hii anakwenda chini ya mkia, kandokando ya tundu la haja na kwenye mapaja kwa ndani. Vidogo vidogo vya masikioni na mtama wa chini ya mkia, Mama Kulwa, huenda ni ukoo mmoja katika umri tofauti. Ndiye pia mmoja wa wanaoeneza homa niliyoitaja hapo juu.

Hii inakupa nafuu, kwa sababu unajua pa kumtafuta. Ng'ombe unaweza kumwogesha mwili mzima kwa kuwa kupe wake wametapakaa. Punda wako wana sehemu mbili kuu, na baada ya hizo unapitisha mkono kwenye kifua, kwapa, shina la mkia, manyoya ya shingoni na juu ya kwato. Kwenye kwato atakuwepo pengine yule mkubwa mwenye madoa ya rangi, ambaye mdomo wake ni mrefu na akitoka anaacha kidonda. Zoezi hili ni la kila jioni, shogi zikishashushwa, punda akiwa anakula pumba na ametulia. Mpe kijana. Mmoja amshike Bahati kichwa, mwingine atoe. Kibano kidogo cha nyusi kinatosha: mshike kupe karibu na ngozi, mvute moja kwa moja bila kusokota, mtie kwenye kopo lenye mafuta ya taa kidogo. Mafuta ya taa yabaki kwenye kopo, yasiguse punda. Wala msiwapasue kwa kucha, maana damu ya kupe ina magonjwa ya binadamu pia. Masikioni usichokonoe kwa kijiti, futa kwa kitambaa chenye unyevu pale kidole kinapofika, na walio ndani zaidi mwachie mtaalamu.

(Watu huwa wananiuliza kama hawa ndio wanaoleta homa ya papasi. Hapana, papasi ni yule wa kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo, anayeuma usiku na kurudi kujificha. Misafara ya zamani iliyolala kwenye kambi za kuja huku Tabora ilimjua vizuri sana.)

Kutoa kwa mkono peke yake mvua zikiwa nyingi hakutoshi, nakubali. Dawa inayovumilika zaidi kwa punda ni ya jamii ya sipamethrini au deltamethrini, ile inayochanganywa na maji. Nenda kwa afisa mifugo wa kata, mpelekee chupa yenyewe, akusomee kipimo na akuthibitishie mbele yako kwamba ndani hamna amitrazi, kwa sababu kuna dawa zinazouzwa zikiwa zimechanganywa mbili kwa pamoja, nyingine zikiwa za kumwagia mgongoni. Siku ya kwanza jaribu kwenye kipande cha ngozi ukubwa wa kiganja, subiri kesho yake. Ngozi ikiwa haijawaka, endelea kwa sponji au kitambaa: chini ya mkia, mapajani, kifuani, miguuni. Macho, mdomo na tundu la sikio usiguse. Fanya jioni, jua likishapoa, na siku ile asifungwe mkokoteni wala shogi, kwani jasho na msuguano wa matandiko vinaunguza ngozi yenye dawa. Vaa glovu. Ndoo usiioshee lamboni, dawa hiyo inaua samaki.

Kwa Shida na mimba yake mimi ningetegemea mkono na kibano kila siku, na dawa iwe kidogo, chini ya mkia tu, baada ya afisa mifugo kumwona.

Oili chafu hapana. Inababua ngozi, ina madini mazito, na punda akijilamba au kujing'ata anaimeza. Vivyo hivyo dawa ya kupulizia pamba au tumbaku, ambayo najua huku kwetu kuna watu huichovya kitambaa wakamfuta mnyama kwa sababu tu ipo stoo. Hiyo ni sumu ya shamba.

Halafu hiyo sindano ya mkojo mwekundu. Hapa nimekasirika kidogo na ndugu yako wa dukani. Nadhani anazungumzia imidokabi. Ni dawa halali, inatibu ng'ombe na hata farasi, lakini punda anaivumilia vibaya mno: kipimo kikubwa ambacho farasi hupewa ili kumsafisha kijidudu damuni kimeshaua punda. Tena safari hii balaa linakwenda upande wa pili, mate yanamwagika, jasho linatoka, tumbo linamkata na kuharisha. Kumchoma punda mzima wa afya, mwenye mimba, kwa kipimo cha kukadiria kilichozoeleka kwa ng'ombe, na kuita hiyo kinga! Kinga ya homa hii kwa sindano hatuna. Hakuna chanjo yake.

Tena sindano yenyewe inaweza kuwa ndiyo mleta ugonjwa. Huko Marekani, katika jimbo la Florida, mwaka 2008 waliwakuta farasi wapatao 20 wameambukizwa Theileria equi, na njia haikuwa kupe bali watu waliorudia sindano zile zile kutoka farasi mmoja hadi mwingine. Huku kwetu nimeona mtu anachoma punda watano kwa sindano moja, anaifuta kwenye suruali. Mtu yeyote akija kuwachoma Bahati na Shida kwa sababu yoyote, mwambie afungue sindano mpya kwa kila mmoja, mbele ya macho yako.

Ni vema ujue pia kwamba punda wengi wa nchi kama yetu wanaishi na kijidudu hicho damuni miaka na miaka bila kuugua. Theileria equi akishaingia haondoki kirahisi, hata kwa dawa. Punda anakaa naye kwa amani mpaka siku anapozidiwa na kitu kingine: mzigo, njaa ya Oktoba, jeraha la shogi, mimba. Ndipo homa inapolipuka. Kwa hiyo kumpunguzia Bahati matofali, kwa kuwa sasa anabeba na ya Jembe, ni sehemu ya tiba ya kupe, hata kama haionekani hivyo.

Nunua kipimajoto cha kawaida cha duka la dawa, kiwe cha punda tu, kipakwe mafuta mgando na kuingizwa kwenye tundu la haja. Joto la punda aliyetulia huzunguka nyuzi 37. Likifika 39 naye amepumzika kivulini, kuna jambo. Fungua mdomo uangalie ufizi, uwe wa pinki kama wa mtoto. Ukipauka au kuwa wa manjano, piga simu. Punda ni mnyama wa kuficha maumivu, atakula majani mawili matatu mbele yako huku anakufa, kwa hiyo usisubiri agome kabisa. Afisa mifugo anaweza kuchukua tone la damu kutoka kwenye mshipa wa sikio na kulipaka kwenye kioo, na Wakala ya Maabara ya Veterinari wana kituo chao hapo Tabora mjini. Damu isomwe kwanza, dawa baadaye.

Nasisitiza damu kwa sababu nyingine. Kama Bahati huwa anakwenda mbali kufuata kuni, upande wa misitu ya miombo yenye mbung'o, basi homa na kukonda kwake kunaweza kuwa ni ndorobo, yaani ugonjwa unaoletwa na mbung'o, wala si homa ya kupe, na kwa macho huwezi kuvitofautisha. Mbung'o, pamoja na ugonjwa wa farasi unaoenezwa na visubi, ni sababu kubwa ya nyinyi kuwa na punda na si farasi. Stanley alipotoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta Livingstone alikuwa na farasi wawili na punda kadhaa. Farasi wote wawili walikufa njiani, Unyanyembe, yaani huku Tabora, hawakuiona.

Punda wasilale boma moja na ng'ombe wa jirani. Kupe jike mmoja akishiba anadondoka na kutaga mayai kwa maelfu, na boma la ng'ombe ndipo wanapodondoka wengi. Wafungie mahali pakavu palipofyekwa, nyasi ziwe fupi, na kuku wapite humo mchana, wanadonoa wanachokiona.

Punda jike hubeba mimba mwaka mzima, wengine hufika miezi 14, kwa hiyo usihofu Shida akichelewa. Akizaa, kitazame kitoto ufizi kila asubuhi kwa siku za mwanzo, kwa sababu kijidudu cha Theileria equi kinaweza kupita kwa mama kikamfikia mtoto tumboni. Kikiwa legelege, hakisimami kunyonya, ufizi wa manjano, mwite daktari asubuhi hiyo hiyo. Kazi hiyo nayo mpe kijana, maana atakuwa ameshazoeleka na Shida.